Twende Tukalale Nje, Sisi na Watoto



Belo la hema za mitumba likifunguliwa katika soko letu la Gikomba halina purukushani kama belo la suruali. Wanaolingojea ni wachache na wanajuana: vijana wa vikundi vya kupanda milima, waongoza watalii, wanafunzi wa chuo kikuu, na wale wanaonunua kamera, yaani mali bora ya belo, ili wakauze tena mjini kwa bei ya juu. Hema hukunjuliwa, zipu ikajaribiwa, vyuma vikahesabiwa, kitambaa kikanuswa kama kina uvundo. Karibu na hapo kuna mifuko ya kulalia, mabegi ya mgongoni, na viatu vizito vya soli ngumu ambavyo huenda vikapelekwa Mlima Kenya juma lijalo. Muulize mtu wa Nairobi anayependa kupiga kambi alikopata vyombo vyake, na mara nyingi atakutajia soko letu.

Wauzaji wenyewe, wengi wao hawajawahi kulala ndani ya hema hata usiku mmoja. Ninajua kwa sababu nimewauliza. Mmoja wao, mshirika wetu, aliianza kazi hiyo kabla hajaoa, na sasa mtoto wake wa kwanza yuko sekondari. Anajua hema ya watu wawili na ya watu sita kwa kuishika tu, gizani. Anajua ipi itavuja. Lakini watoto wake hawajawahi kuona baba yao akipigilia kigingi cha hema ardhini kwa ajili yao. Juma hili ninataka tutafakari habari yake, na yetu sote tunaouza raha ya watu wengine siku saba kwa wiki.

Mwaka huu, mwishoni mwa Februari, shule zilipofunga kwa likizo fupi, familia kadhaa za kanisa letu zilikwenda Hell's Gate, kule Naivasha, kutoka Ijumaa hadi Jumapili. Wazo hilo lilipotangazwa mara ya kwanza, mama mmoja anayeuza viatu vya watoto alisimama akauliza mbele ya wote: "Pasta, mimi nitoe pesa zangu nikalale nje?" Watu walicheka, ila yeye hakuwa anachekesha. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwetu kulala nje ni jina la msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 moto ulikula soko na nyumba zilizopakana nalo, watu 15 wakafa, na waliookoka walipambazukiwa barabarani na kile walichoweza kubeba. Kati ya Machi na Mei 2024 mvua ilifurisha mito ya Nairobi, na maji yalipopungua zikaja tingatinga kubomoa nyumba za kandokando ya mito. Kuna watoto wa mji huu waliojua hema kwa mara ya kwanza kwa sababu nyumba yao ilikuwa imesombwa au imebomolewa. Na wazee wa Pumwani na Shauri Moyo wana kumbukumbu yao. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako ulioitwa Operesheni Anvil, ikazingira mitaa ya Waafrika, ikawatoa watu majumbani kwao na kuwapakia kwenye malori. Kambi walizozijua ni Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Basi mtu wa mitaa yetu hii ya Eastlands akiambiwa aache kitanda chake akakae kambini, asishangaliwe akisita.

Nilimjibu yule mama kwa kumsomea Mambo ya Walawi 23, ile sehemu ya Sikukuu ya Vibanda. Mungu anawaagiza watu wenye nyumba za mawe watoke, wakate matawi, wajenge vibanda, wakae humo siku saba, baba na mama na watoto. Sababu inatajwa waziwazi: ili kizazi kitakachozaliwa baadaye kijue kwamba wazee wao waliwahi kukosa paa, wakatembea jangwani, na Mungu akawa pamoja nao. Angalia walivyoagizwa. Hawakuambiwa wawasimulie watoto tu. Waliambiwa walale na watoto mahali ambapo upepo unapita, ili mtoto aulize mwenyewe, na baba ajibu.

Na msidhani agizo hilo lilikuwa la matajiri. Katika kitabu cha Nehemia, watu waliorudi kutoka utumwani wanaikuta habari ya sikukuu hii walipokuwa wakisomewa torati. Wanapanda milimani kuleta matawi ya mizeituni na mitende, wanajenga vibanda juu ya dari, uani, hadi katika viwanja vya lango. Sura moja nyuma tumeambiwa kwamba mji ulikuwa mkubwa, watu wachache, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Hao ndio waliokwenda kulala nje kwa furaha! Watu ambao makovu yao yalikuwa bado mabichi. Walilala nje kwa hiari, mahali pa wazi, wakiimba, na ule usiku wa kufukuzwa ukaacha kuwa usiku pekee wanaoukumbuka.

Yule mama alikuja. Alibeba blanketi tatu na sufuria yake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini sufuria za kanisa.

Kutoka hapa hadi Hell's Gate ni kama kilomita 90. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na msiogope jina lake. Ni mojawapo ya hifadhi chache za nchi hii ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama, bila kufungiwa ndani ya gari. Kwa familia isiyo na gari hilo ni jambo kubwa. Ukipita lango la Elsa, mbele yako kuna mnara wa mwamba uliosimama peke yake, wanaouita Fischer's Tower, kisha bonde linafunguka, magenge mekundu huku na huku, na pundamilia wanakula majani kando ya njia kama mbuzi wa jirani. Tuliona twiga, pofu, swala, ngiri na watoto wake mikia juu. Nyani walituibia mkate kabla hatujamaliza kushusha mizigo. Nyati tuliwaona kwa mbali, na askari wa Shirika la Wanyamapori alituonya tusijaribu kuwaona kwa karibu. Ng'ambo ya vilima kuna moshi mweupe unaopanda mchana na usiku. Ni mvuke wa Olkaria, ambako tangu 1981 umeme unazalishwa kwa joto la ardhini. Taa za nyumba zetu Majengo na Shauri Moyo zinapata sehemu ya nguvu yake kutoka hapo. Watoto walisimama kuutazama kwa muda mrefu kuliko walivyotazama wanyama.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka. Ndani ya hifadhi hiyo kuna korongo la Ol Njorowa, zuri mno, kuta zake zimechongwa na maji, na maji yayo hayo huua. Mvua ikinyesha mbali, mahali ambapo wewe huoni hata wingu, mafuriko hushuka humo ghafla na kuta hazina pa kushika. Aprili 2012 vijana waliokwenda na kundi lao la kanisa walifia humo. Septemba 2019 watu saba walisombwa wakafa. Kwa hiyo tulikubaliana kabla ya kuondoka kwamba korongoni hatutashuka, hata kama kuna jua kali, na hatukushuka. Wazazi mnaotaka kwenda, na ninyi viongozi wa vijana hasa, msishawishike na picha za simu. Askari akisema korongo limefungwa, limefungwa. Kumwamini Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kuwatunza watoto aliokabidhiwa.

Nirudi kwa familia, maana ndizo zilizonisukuma kuandika.

Mtu anaweza kusema: Pasta, sisi tunalala chumba kimoja mwaka mzima, tumetenganishwa na pazia tu, hema itatuongezea nini? Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini hebu tuhesabu saa za baba anayeuza jaketi. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, kwa kuwa mabelo hufunguliwa kwa mwanga wa tochi na anayechelewa hukuta fagia, yaani masalio. Watoto wamelala. Anarudi saa tatu za usiku, mgongo umekufa, mguu umevimba. Watoto wamelala au wanaelekea kulala. Chumba ni kimoja, kitanda kiko mita mbili kutoka kwa kitanda, na baba huyo anaweza kumaliza mwezi mzima asione macho ya mtoto wake yakiwa wazi isipokuwa Jumapili mchana, kama Jumapili hiyo hakwenda sokoni.

Baba kama huyo tulikuwa naye. Asubuhi ya Jumamosi mwili wake ulimwamsha saa kumi, kama kawaida, pasipokuwa na belo la kufungua. Akatoka, akakaa karibu na makaa. Binti yake wa gredi ya saba akasikia zipu, akatoka akiwa amejifunika blanketi, akakaa naye. Waliongea mpaka jua likatoka. Alinipa ruhusa niwaambie walichoongea. Binti alimuuliza kuhusu usiku ule wa moto wa 2018. Wakati ule alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Alikumbuka baba ametoka mbio, akarudi mchana akiwa ananuka moshi, akakaa kitini bila kuvua viatu, na hakuna aliyeeleza kitu. Miaka yote hiyo mtoto alidhani baba alikuwa amekasirishwa na yeye. Na baba hakujua kwamba mtoto alikuwa macho.

Nimekuwa mchungaji wa watu wa soko kwa muda wa kutosha kuamini kwamba nyumba zetu zimejaa maswali ya namna hiyo. Watoto wanayabeba, wanakua nayo, na siku moja tunashangaa kwa nini hawatuambii kitu. Mapenzi yapo, tena ndiyo yanayomtoa baba kitandani saa kumi. Kinachokosekana ni saa isiyo na kazi, ambayo mzazi hana mteja na mtoto hana daftari, na wote wawili wana baridi kidogo kiasi cha kusogeleana.

Usiku uliotangulia kulikuwa na jambo lingine. Mitaa yetu ina zile taa ndefu za mulika mwizi, na ninazishukuru, kwa sababu zimewasaidia kina mama wanaofunga biashara usiku. Lakini chini ya mwanga wake mtoto wa Gikomba anakua akidhani mbingu ina nyota kumi au kumi na tano. Moto ulipofifia kule kambini, mtu akasema, tazameni juu. Kilimia kilikuwa upande wa magharibi, na ule ukanda mweupe wa nyota umekatiza mbingu nzima. Mvulana mmoja aliuliza kama huwa ziko hapo kila siku. Aliambiwa ndiyo, hata nyumbani ziko, ni sisi tusioziona. Akanyamaza sana.

Tulisoma Mwanzo 15 kwa tochi. Abramu ana hofu, hana mtoto, amezeeka, na yumo hemani akihesabu yale aliyokosa. Mungu hakumjibu humo ndani. Alimtoa nje kwanza, akamwambia atazame mbinguni azihesabu nyota kama anaweza. Mimi huona huruma kubwa katika kitendo hicho. Mtu aliyebanwa na deni, kodi ya kibanda, karo na mzigo uliokaa bila kuuzika, hata akihubiriwa ahadi za Mungu usiku kucha, masikio yake yamejaa hesabu. Wakati mwingine anahitaji kutolewa nje, apewe kitu cha kutazama ambacho hakihesabiki.

Sasa nije kwenye lile gumu, kwa kuwa najua mnaloniuliza moyoni. Jumamosi ni siku ya wateja. Jumapili nayo siku hizi soko halifungwi. Anayeondoka Ijumaa anaacha mauzo ya siku mbili, na pia kuna nauli, ada ya kuingia hifadhini na ada ya kambi.

Wahubiri wengi wakifika hapo huwafungulia Nehemia 13. Watu wa Tiro walikuwa wakileta samaki Yerusalemu na kuwauza siku ya Sabato, wengine wakipakia punda nafaka na zabibu na tini. Nehemia akaamuru malango yafungwe, na wachuuzi wakalala nje ya ukuta. Ukiisoma ukiwa unatokea upande wa samaki wa soko letu, unaweza kudhani Nehemia amepita Gikomba. Na ni Neno la Mungu, silipunguzi. Mfanyabiashara anayeitazama siku ya Bwana kama kizuizi, anangoja iishe ili afungue mizani, amekwisha kukemewa na nabii Amosi.

Lakini Nehemia huyo huyo, kabla ya kufunga lango, alifanya kazi nyingine, na iko sura ya 5. Watu walimjia wakilia: tumeweka rehani mashamba na nyumba ili tupate nafaka, tumekopa ili tulipe kodi ya mfalme, watoto wetu wanachukuliwa utumwani. Nehemia aliwakasirikia wakopeshaji, akaitisha mkutano, akawabana mbele ya watu wote warudishe mashamba na riba walizotoza. Mdeni aliondolewa mzigo kwanza. Lango likafungwa baadaye. Kanisa linalomwambia mama wa viatu apumzike, na halijali kwamba ana mkopo wa simu unaomdai kila siku, limesoma sura ya 13 likaruka ya 5. Sitaki kanisa letu liwe hivyo.

Kwa hiyo tulijaribu kupumzishana. Familia zilizotaka kwenda zilianza kuweka akiba mwezi wa Septemba, kidogo kidogo kila Ijumaa, kama chama kingine chochote. Hema hatukununua, ndugu zetu wa belo walitoa mzigo wao wenyewe tukaurudisha ukiwa safi, na yule muuza hema mwenyewe, safari hii, alipiga hema ya watu sita akalala humo na mkewe na watoto. Githeri ilichemshwa nyumbani, makaa tulibeba yetu, hatukukata kijiti. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, na hulipwa kwa eCitizen kabla ya kufika, kwa kuwa langoni hawapokei pesa taslimu. Lakini kilichowezesha safari hasa ni jirani. Kila aliyeondoka alikuwa na mtu wa kushika kibanda chake Jumamosi, akauza, na jioni akatuma hesabu kamili kwa simu. Wengine walioshika hawakuwa wa kanisa letu. Mmoja alikuwa Mwislamu wa Majengo, aliyesema familia ni familia. Mungu ambariki.

Asiyeweza kufika Naivasha asijione ameachwa. Maskauti wana kambi yao ya Rowallan karibu na Jamhuri, ambako vikundi hupokewa, na mtoto anaweza kulala hemani bila kutoka Nairobi. Kuna msitu wa Karura, ambao upo hadi leo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakijaribu kupanda mti katika ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Damu ilimwagika pale ili mtoto wa mjini apate mahali pa kukanyaga majani makavu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1946, na kuna mtu aliyezaliwa Pumwani, akalelewa Pumwani, ambaye hajawahi kuingia humo, ingawa watalii wanavuka bahari kuja kuiona. Vitu hivi ni urithi wa watoto wetu. Mungu aliviumba, wananchi wakavipigania, na haifai tuvione katika kalenda za ukutani peke yake.

Ibada ya Jumapili tuliifanyia kambini chini ya mti, mapema, kabla ya jua kuwa kali. Hapakuwa na spika. Sadaka tuliyotoa hapo imewekwa kando kwa ajili ya familia ambazo Februari hazikuweza kulipa, na tumeongeza nyingine tangu hapo.

Safari ya pili ni wakati wa likizo ya Agosti. Wanaotaka kwenda waandikishe majina katika ofisi ya kanisa baada ya ibada, na akiba ya kila Ijumaa imeshaanza kukusanywa. Wajane, kina mama wanaolea peke yao, na babu na nyanya wanaolea wajukuu, ninyi ndio wa kwanza katika orodha. Msione haya kuja. Na wewe usiyeweza kwenda, au usiyependa baridi, tunakuhitaji zaidi ya wote: mtafute jirani yako wa kibanda juma hili, mwambie utamshikia biashara yake siku mbili, na umtumie hesabu ya haki jioni.

Bwana awalinde, sokoni na nyumbani.